Jinsi ya Kuzungumza Jambo Zito na Mwenzako Bila Kuishia Kwenye Ugomvi: Mwongozo Kamili

Wengi mmeniletea malalamiko yale yale kwa maneno tofauti: "Nilikaa naye nikamweleza kila kitu, tukaishia kulala mzungu wa nne." Nimesikiliza mnavyosimulia vikao vyenu, na kwa wengi wenu nia haina kasoro. Mnateleza kwenye sentensi ya kwanza, au kwenye saa mliyochagua, au mnaachia njiani mara tu mwenzenu anaposema "sawa". Kwa hiyo leo tunakwenda hatua moja moja, kwa kikao kimoja cha dakika arobaini hivi.

Nitatembea na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mume na mke nimewatunga, ila shida yao mtaitambua. Baba Tumaini anaendesha bajaji Mwanjelwa, hapa Mbeya, Mama Tumaini anauza viazi sokoni. Wana shamba la ekari mbili Inyala. Oktoba walikuwa wameweka laki tatu za mbolea kwenye simu ya mume, wakisubiri mvua za Novemba. Siku mke alipotaka zitolewe, akakuta elfu themanini. Nyingine zilikuwa zimekwenda Iringa, ada ya chuo ya mdogo wake mume.

Onyo kabla ya chochote. Kama mwenzako anakupiga, anakutishia au anakufungia ndani, mwongozo huu haukuhusu. Hapo nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kikao cha watu wawili kinafaa pale ambapo wote wawili wanaweza kusema "hapana" na bado wakalala salama.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi moja na kalamu. Daftari la marejesho ya kikoba lisitumike, lina kumbukumbu zake.
- Dakika arobaini ambazo hakuna anayesubiriwa popote.
- Mahali ambapo jirani hasikii. Nyumba nyingi za kupanga dari ni moja kwa vyumba vyote, na neno la chumba cha kwanza linafika cha nne.
- Simu zote mbili zimezimwa mlio na zimelazwa kifudifudi.
- Matumbo yaliyoshiba. Chai ya tangawizi ikiwepo, vizuri zaidi: kikombe kinakupa kitu cha kushika na sababu ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Miezi ya Juni na Julai, baridi ikibana, wengi mtataka kukaa na jiko la mkaa ndani. Msilifungie. Acheni mlango au dirisha wazi, maana hewa ya mkaa inaua bila kunuka. Na mvua kubwa ikianza kupiga bati, ahirisheni. Mtalazimika kupaza sauti, na sauti ikishapanda moyo nao unaifuata.

## Hatua ya 1: Chagua jambo moja, liandike kwa mstari mmoja

Kaa peke yako uandike kinachokuuma. Ukimaliza utakuta mistari saba: hela ya mbolea, maneno ya wifi, ile Krismasi ya mwaka juzi, sahani zisizooshwa. Chagua mmoja, mingine ikunje uweke mfukoni.

Sababu yake ni rahisi. Ukileta mambo saba, mwenzako atachagua kujibu lile jepesi, au lile ambalo ana ushahidi kwamba umekosea, na jambo lako litabaki pale pale lilipokuwa.

Mstari wa Mama Tumaini ulitoka hivi: "Laki mbili na ishirini za mbolea zilitumwa bila mimi kujua."

Umefaulu kama mstari wako una tukio ambalo hata mwenzako hawezi kulikana. "Hanijali" haujafika hapo. Jiulize ni siku gani na alifanya nini ukaona hakujali, kisha andika hilo.

## Hatua ya 2: Omba nafasi, usivamie

Mwambie mapema, kwa sauti ya kawaida, ukitaja jambo lenyewe na muda: "Baba Tumaini, naomba kesho baada ya chakula tukae kidogo, dakika arobaini hivi. Ni ile hela ya mbolea. Nataka tuelewane kabla mvua haijaanza."

Msisahau kutaja jambo. "Tuna maongezi" peke yake humfanya mtu azunguke na bajaji siku nzima akihesabu dhambi zake, na jioni anafika ameshajipangia utetezi wa makosa hata usiyoyajua.

Saa mbaya zinajulikana. Mtu akiingia tu kutoka kazini, kabla hata hamjasalimiana. Kwetu huku salamu hairukwi, na anayeiruka akarukia habari amekwishatukana. Saa nyingine mbaya ni mmoja akitoka kunywa, iwe ulanzi kama mko Iringa au komoni kama mko Mbeya. Na usiku wa manane mmeshalala, mmoja anashika kazi alfajiri.

Mimi kosa langu lilikuwa basi. Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Mbeya, tumeshapita Mafinga, nikajiona nimepata akili: hapa hawezi kunyanyuka akaondoka. Nikaanza. Makambako ilitukuta hatusemeshani, na tulifika Uyole hivyo hivyo. Abiria wa kiti cha nyuma alipokuwa anashuka aliniambia, "Pole, kaka." Tangu siku ile najua kwamba mtu asiye na njia ya kuondoka hasikilizi, anajilinda.

Kwenye meseji pia msianze. Omba nafasi kwa meseji ukitaka, ila jambo lenyewe lisubiri uso. Na ile tabia ya kurusha dongo kwenye "status" kisha kungoja mlengwa ajihisi, iacheni kabisa. Watu mia wataliona kabla yake, na wewe utakuwa umeshamshtaki barazani.

Umefaulu kama amekubali saa, au amekataa na kutaja nyingine. Akikataa mara tatu bila kutaja nyingine, ruka hadi sehemu ya mwisho.

## Hatua ya 3: Sentensi ya kwanza

Hapa ndipo vikao vyenu vingi vinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 1999, watafiti wawili wa Marekani, Sybil Carrère na John Gottman, walichapisha kazi yao juu ya wenzi 124 waliooana karibuni. Waliwarekodi wakijadili jambo linalowagombanisha, kisha wakafuatilia ndoa hizo kwa miaka kadhaa. Dakika tatu za kwanza za mazungumzo zilitosha kutofautisha, kwa kiasi kikubwa, ndoa zitakazodumu na zitakazovunjika. Wanaoanza kwa ukali huwa wanamaliza kwa ukali. Basi hizo dakika tatu ziandae.

Semina nyingi zitakwambia "sema mimi, usiseme wewe". Ushauri huo umetoka kwenye lugha nyingine, na ukiuchukua kama ulivyo unajikuta unasema "mimi nahisi kwamba mimi naumizwa", maneno ambayo hakuna mtu wa Mbeya anayeyasema jikoni kwake. Kiswahili kina vifaa vyake, tena vikali zaidi.

Kwanza, ondoa "wewe" iliyozidi. Mtendaji ameshakaa ndani ya kitenzi. "Ulituma hela" imejitosheleza. Ukisema "wewe ulituma hela", hiyo "wewe" ya nje ni kidole kilichonyooshwa. Jaribu kuisema kwa sauti uone mkono wako unavyotaka kunyanyuka wenyewe.

Pili, tumia "-li-", acha "huwa". "Huwa hunishirikishi" ni hukumu ya maisha yote, na mtu aliyehukumiwa maisha hutafuta siku moja tu aliyokushirikisha ili akuangushe. "Jumanne ulituma hela bila kuniambia" ni tukio, lina siku yake, linajibika. "Kila siku", "hata siku moja" na "siku zote" ziingie kapu moja na "huwa".

Tatu, usijifiche kwenye mafumbo. Wapo wanaokwepa ukali kwa kusema "humu ndani hela zina miguu siku hizi" au "wengine ndoa yao iko Iringa". Mwenye kusemwa anaelewa, lakini hawezi kujibu, maana hujamsema. Fumbo linamnyima mwenzako haki ya kujitetea. Sema wazi, kwa sauti ya chini.

Mama Tumaini alikuwa na sentensi mbili mdomoni. Ya kwanza: "Wewe huwa unaona ndugu zako ndio familia, sisi hapa ni wapangaji." Ya pili: "Jumanne nilitaka tutoe hela ya mbolea, nikakuta elfu themanini. Nilishtuka, na nikaona aibu, maana nilishamwahidi mwenye duka."

Ya kwanza ni tamu zaidi kuitamka, sikatai. Ya pili ndiyo inayomfanya mume ajibu kuhusu hela badala ya kujibu kuhusu mama yake mzazi.

Mfumo wake: siku, tukio, kilichokupata. Ukishasema hivyo, nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Hesabu hadi kumi, kunywa chai.

## Hatua ya 4: Sikiliza, kisha rudisha ulichosikia

Sasa ni zamu yake. Baba Tumaini anasema: "Dogo alinipigia analia. Walisema asipolipa kufikia Jumatano hafanyi mtihani. Ningekwambia, ungekataa."

Kishawishi ni kudaka lile "ungekataa" na kuanza vita. Usidake. Kabla ya kujibu lako, rudisha lake kwa maneno yako: "Kwa hiyo uliona muda umekwisha, na uliogopa nikijua nitazuia. Ndivyo?"

Kumrudishia hakumaanishi umekubali. Kunamwonyesha kwamba neno lake limefika, na mtu ambaye neno lake limefika hana haja ya kulirudia kwa kelele. Vikao vingi vinachukua saa tatu kwa sababu kila mmoja anarudia sentensi ile ile akipandisha sauti, akidhani haikusikika.

Onyo: usirudishe kwa kejeli. "Aah, kumbe mimi ndiye mkatazaji mkuu" ni kumzomea.

Umefaulu ukisikia "eeh, ndivyo" au "siyo hivyo hasa, ni kwamba..." Jibu la pili ni zuri kuliko la kwanza, maana anakusahihisha, na anayekusahihisha bado yumo kikaoni.

### Tatizo la "sawa"

Neno linaloua vikao vingi kimya kimya ni "sawa". Tunaisikia, tunafurahi, tunanyanyuka. Wiki moja baadaye jambo limerudi na kaka zake wawili.

"Sawa" ya kweli haikai peke yake. Inafuatwa na swali, siku au mpango: "Sawa, basi nitampigia Ijumaa." Ikija fupi, macho yakiwa ukutani na mkono umeshafika kwenye simu, maana yake ni "nimechoka, niachie". "Hamna shida" ikisemwa mara mbili, shida ipo. "Tutaona" mara nyingi ni "hapana" iliyovaa koti. "Haya" ya kuvuta inategemea imevutwa wapi, na ninyi mnaoishi pamoja mnajua vizuri kuliko mimi.

Neno na uso vikipingana, watu huamini uso na sauti. Ndicho alichokuwa anakipima mwanasaikolojia Albert Mehrabian kwenye majaribio yake ya mwaka 1967, kwa maneno mojamoja ya kuonyesha hisia. Ile hesabu inayozungushwa semina, kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano yote, imetolewa humo ikavutwa mbali kuliko alivyokusudia. Maneno yenu yana uzito. Mjaribu kumwelekeza mtu njia ya kwenda Tukuyu kwa uso mtupu.

Ukipata "sawa" yenye mashaka, usiulize "sawa gani hiyo?", utawasha moto. Jitwishe wewe mzigo: "Umesema sawa. Sijui kama nimejieleza vizuri, hebu niambie umechukua lipi." Hapo unakagua maelezo yako, yeye humkagui.

## Hatua ya 5: Mkipandwa, simameni kwa dakika ishirini

Dalili unazijua: masikio yanapata moto, pumzi inakuwa fupi, unaanza kumjibu kabla hajamaliza. Moyo ukienda mbio hivyo kichwa hakishiki kinachosemwa. Gottman huyo huyo anashauri mapumziko ya dakika ishirini angalau, kwa kuwa mwili unahitaji muda huo kutulia. Mbili tatu hazitoshi.

Ila kuna namna ya kusimama. Kunyanyuka kimya ukabamiza mlango ni kumwacha mwenzako na mashaka kama utarudi. Sema: "Nimepandwa. Naomba nikateke maji, nikirudi tuendelee." Taja utarudi lini, na urudi.

Kwenye hizo dakika ishirini usipige simu kwa dada yako, na usitunge hotuba. Osha vyombo, chambua mboga. Kununa siku tatu si mapumziko. Ni adhabu, na watoto wanaitumikia pamoja nanyi.

## Hatua ya 6: Toa ombi, likiwa na kipimo

"Nataka uniheshimu" haitekelezeki, kwa sababu yeye anaamini anakuheshimu. Geuza liwe kitu kinachoonekana kwa macho: "Hela tuliyoitenga kwa kazi fulani, ikizidi elfu hamsini, asiitoe mtu kabla hajampigia mwenzake."

Mpe naye nafasi ya kupunguza au kuongeza. Baba Tumaini alisema: "Sawa, lakini ikiwa ni hospitali, nitoe kwanza nikuambie siku hiyo hiyo." Hiyo "sawa" ina mkia. Ni ya kweli.

Kisha rudini kwenye pengo lenyewe: laki mbili na ishirini zitatoka wapi kabla ya mvua? Wengi hapa hufarijika kwamba wameelewana, wakasahau mbolea. Wao walikubaliana: mume aweke elfu kumi kila siku baada ya kutoa hesabu ya bosi, mke auze gunia mbili za viazi alizokuwa anazisubirishia bei, na mdogo mtu aambiwe kwamba muhula ujao apige simu mwezi mmoja kabla. Mkopo wa kausha damu ulitajwa, ukakataliwa na wote wawili. Mnajua kwa nini.

Kama jambo linamhusu mzazi, angalia mila ya upande huo kabla ya kupanga nani atasema. Kwa Wanyakyusa, kwa mfano, mke wa mtoto kwa desturi hukaa mbali na baba mkwe, na kumtuma akamweleze mzee jambo la hela ni kumweka pabaya. Mtoto aliyezaliwa hapo aende mwenyewe, au mumtumie mshenga wenu. Kazi yake haikuisha siku ya mahari.

## Hatua ya 7: Omba radhi kwa neno lenyewe

"Pole" na "samahani" ni vitu viwili. "Pole" hupewa mtu yeyote aliyepatwa: aliyejikwaa, aliyefiwa, anayetoka kazini. Haibebi kosa. Ukimwambia uliyemkosea "pole kama ulikwazika", umemfariji kwa msiba ulioua mwenyewe.

Sema "nisamehe", kisha taja kosa: "Nisamehe, nilituma hela yetu bila kukuambia." Ikomee hapo. Usiongeze "lakini". Sababu zako zilishasikika kwenye hatua ya 4, ndiyo maana tuliziweka kule.

Na aliyeombwa radhi asijibu "yameisha" kama hayajaisha. Anaweza kusema "nimekusikia, nipe siku mbili", na hiyo ni ruhusa kabisa.

## Hatua ya 8: Andikeni, mrudi baada ya wiki

Mistari mitatu inatosha: tumekubali nini, nani anafanya nini, tunarudi lini. Haihitaji sahihi, hamko mahakamani. Kazi ya karatasi ni kuzuia ule ubishi wa "sikusema hivyo", maana baada ya siku nne kila mtu hukumbuka kikao alichokitamani.

Kikao cha pili kichukue dakika kumi. Anzeni na kilichofanyika, hata kama ni kidogo: "Nimeona elfu kumi ya Jumatatu na Jumanne." Kisha kilichokwama.

## Mkikwama

Kikao cha kwanza kuharibika ni kawaida. Rudini hatua ya 1 mkague mstari wenu. Mara nyingi utakuta kulikuwa na mambo mawili yamevaa shati moja.

Mkijaribu mara tatu bila kufika, tafuteni mtu wa tatu mmoja ambaye wote mnamkubali: mshenga, wasimamizi wa ndoa, mzee wa kanisa, shehe. Asiwe mama wa upande wowote, namheshimu sana mama, lakini ninyi mtasameheana na yeye atabaki nalo.

Likishindikana hapo, lipo baraza la usuluhishi la ndoa, kwenye kata, na pia makanisani na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Watu hulikimbia wakidhani ni mlango wa talaka. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, shauri la talaka kwa kawaida haliendi mahakamani kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha na kuthibitisha kwamba limeshindwa. Unaweza kwenda pale ukiwa na nia ya kupatana, na wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wamepatana. Beba ile karatasi ya mistari mitatu. Mkiulizwa mlikubaliana nini mara ya mwisho, ni vigumu kujibu hilo kwa kukumbuka tu.